Bahasha Niliyoibeba Mwenyewe

Nimesoma mpaka darasa la tano. Nasema mapema, ili mtu asije akatafuta hapa Kiswahili cha redioni. Kuandika najua, kusoma Kiswahili najua. Kiingereza sijui hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniponza. Majina ya watu sitayataja. Walionitenda wapo, wengi wao wanakula na kulala vizuri, na wakisoma watajijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoota tezi shingoni. Nilikuwa kibarua Madibira kwenye mpunga, kazi yangu kufungua na kufunga maji ya majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga. Tezi ya kwanza nikadhani ni jino bovu. Ya pili sikuidhania kitu. Zilipofika nne na nguo zikaanza kunipwaya, msimamizi wa mfereji akaniambia, "Wewe nenda hospitali. Usije ukatufia kwenye maji." Ndivyo alivyokuwa anaongea na watu wote. Nikaenda Mbeya.

Kwenye hospitali moja pale Mbeya wakanikata kinyama cha shingo wakapeleka kupima. Baada ya wiki kadhaa daktari akaniita. Mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa kamba. Hakuniuliza naumwaje. Aliniuliza, "Kwenu nani amesoma?"

Nikasema ninaye kaka Iringa, amemaliza kidato cha nne, ni karani.

Akaandika kurasa mbili, akatia kwenye bahasha ya kaki. "Mpelekee kaka yako. Asome, asaini, halafu urudi na nakala tuanze dawa."

"Sasa mimi naumwa nini, daktari?"

"Kaka yako atakueleza."

Huyo ndiye wa kwanza. Alikuwa na mdomo, alikuwa na Kiswahili, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kwenye kiti. Akachagua kumwandikia mtu ambaye hajawahi kumwona.

Bahasha haikufungwa kwa gundi. Njiani niliitoa karatasi nikaiangalia. Nikaona jina langu. Nikaona namba ishirini na mbili, nikajua ni miaka yangu. Mengine yote yalikuwa kama ukuta. Mikono yangu ilikuwa na udongo mwekundu wa shambani ambao hautoki kirahisi, nikaacha alama ya kidole gumba kwenye kona. Nikairudisha. Nikaibeba hivyo mpaka Ipogolo, pale Iringa, kwa kaka.

Kaka alisoma amesimama mlangoni. Malori yalikuwa yanapita barabara kuu, mlango unatetemeka. Akaingia, akakaa, akasoma tena.

"Inasemaje?"

"Una ugonjwa wa tezi. Utatundikiwa drip miezi sita, utapona."

"Karatasi zote mbili zinasema hivyo tu?"

"Madaktari wanapenda kuandika, mdogo wangu. Kaa ule."

Akasaini kwenye ukurasa wa pili, akatoa nakala nirudi nayo, bahasha akabaki nayo. Nikala.

Kwetu mgonjwa haambiwi. Mtu wa huku anajua, lakini kwa asiyejua nieleze. Habari nzito ya mgonjwa wanaipokea wakubwa. Wanakaa chumbani, wanaikata, halafu wanamletea mgonjwa kipande wanachoona anaweza kukimeza. Wanasema ukimwambia yote atakata tamaa. Hata anayekufa anaambiwa ni malaria kali. Watu wanafanya hivyo kwa upendo, sikatai. Mama yangu naye baadaye alifanyiwa hivyo, na sisi ndio tuliomfanyia.

Nikatundikiwa. Nywele zilitoka, kucha zikawa nyeusi, nikatapika mpaka nikasahau ladha ya chumvi. Nikapona. Watu waliokuwa vitanda vya jirani hawakupona. Sikufurahi sana wala sikulia. Nilirudi Madibira kufungua maji.

Mwaka wa pili nikaoa. Binti wa Chimala, Msangu, nilimpenda tangu wakati wa mavuno alipokuja kununua mpunga na baba yake. Alikuwa na kicheko cha ghafla, kinaanza kabla utani haujaisha. Kaka ndiye aliyeongoza posa. Alikaa kwenye mkeka wa wakwe, akasifia ukoo wetu, akaulizwa, "Kijana wenu si alikuwa mgonjwa?" Akajibu, "Amepona kabisa. Ana nguvu kuliko mimi." Wazee wakacheka, pombe ya ulanzi ikapita. Mimi nilikuwepo. Nilicheka pia.

Tukakaa miaka minane bila mtoto.

Mwaka wa kwanza mama yangu alimwambia mke wangu ale vizuri. Mwaka wa tatu akaacha kumwita mwanangu. Kanisani mzee wa maombi alimwita mbele, akamwekea mkono tumboni mbele ya watu wote, akaamuru kifungo kitoke. Mke wangu alirudi kwenye benchi anatazama viatu vyake. Shangazi akamleta mganga na mizizi, michungu hiyo, anakunywa asubuhi kabla ya uji. Alikunywa miezi kumi na minne. Mimi sikunywa chochote, na hakuna aliyenipa. Hospitali alipelekwa yeye mara tatu, na mara tatu wakasema hana tatizo, wakwe zake wakasema hospitali hazijui kila kitu. Na kaka kwenye vikao vyote hivyo alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha mbao chenye mkono uliovunjika, anaongoza sala ya kufungua.

Mwaka wa nane kikao kikamrudisha kwao. Nilisema nini? Nilisema, "Kama wakubwa mmeona hivyo." Maneno yenyewe hayo. Alifunga nguo zake kwenye mfuko wa mchele, na kicheko chake nilikuwa sijakisikia muda mrefu.

Haikupita miaka miwili akazaa huko Chimala, kwa mwanaume mwenye mashine ya kukoboa. Habari ikafika Ipogolo. Unadhani watu walijifunza? Shangazi alisema, "Mnaona? Alikuwa anatufunga makusudi."

Baba alipofariki, kaka alinituma chumbani kwake nikachukue karatasi za kiwanja kwenye sanduku lake. Nikafungua, nikaona bahasha ya kaki. Nisingeijua, bahasha zote zinafanana. Ila nilipoitoa karatasi, kwenye kona kulikuwa na kidole gumba changu, udongo umekauka umekuwa kahawia. Nikaitia mfukoni. Nikapeleka karatasi za kiwanja. Nikachimba kaburi na wenzangu.

Nilirudi nayo Madibira, nikampelekea nesi wa zahanati. Mama mmoja mkali, anapenda kufokea watu wanaokuja bila daftari.

"Umetoa wapi hii?"

"Ni yangu."

"Ya zamani hii. Unataka nini nayo?"

"Isome tu, kwa Kiswahili."

Akasoma ukurasa wa kwanza, saratani ya tezi, hatua ya ugonjwa, majina ya dawa. Ukurasa wa pili akaanza, akakatiza. Akaniangalia. "Una mke?"

"Nilikuwa naye."

"Watoto?"

"Soma, nesi."

"Inasema dawa zinaweza kukuondolea uwezo wa kuzaa, na usirudi tena. Inasema mgonjwa aelezwe kabla ya kuanza. Inasema kama ana mchumba, waelezwe wote wawili."

"Na chini?"

"Chini ni saini."

"Ya nani?"

Akataja jina la kaka. Nikamshukuru. Nikaenda kufungua maji, ilikuwa zamu ya jaruba la tisa.

Kaka nilimwuliza baadaye, kwenye arobaini ya baba. Hakukana. Alisema, "Ningekuambia ungefanya nini? Enzi zile hapakuwa na mahali pa kuhifadhi mbegu za mtu. Ungekataa dawa, ungekufa."

"Ningemwambia mke wangu."

Akasogeza kikombe. Halafu akasema chai inapoa.

Labda kweli ningekataa dawa. Sijui. Hilo nalo amenichukulia, kwamba sitajua kamwe.

Na mimi sasa. Nikajua ukweli, nikakaa nao. Chimala siyo mbali, mke wangu wa zamani anauza mchele barabarani pale, kila anayepita anamwona. Nilipita mara nyingi. Nilikuwa naangalia upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo katika wale niliowataja, na mimi niandikeni.

Miaka miwili iliyopita mtoto wa kaka, kijana wa miaka kumi na tisa, alivimba goti. Mapema niseme yuko hai. Anatembea kwa mguu mmoja na gongo, anauza vocha na kutengeneza simu pale Ipogolo, na ana mdomo kuliko wenye miguu miwili. Lakini wakati ule hatukujua. Vipimo vilifanyika Mbeya. Kaka akaniita nikamsindikize mgonjwa, kwa kuwa mimi nazijua hospitali.

Tulikaa kikao sebuleni. Kaka alikuwa kwenye kiti kile cha mkono uliovunjika, na bahasha mapajani. Kijana alikuwa uani anachaji simu, tunamsikia anacheka na mtu.

"Daktari anataka kuanza dawa Jumatatu ijayo," kaka alisema. "Mguu huenda ukakatwa. Kijana asiambiwe. Tutasema ni uvimbe wa kawaida, mengine atayaona yakifika."

Wakubwa wakaitikia. Wote walikuwa wanaongelea mguu. Atapandaje mlima, atalimaje, nani atakubali kuolewa naye. Nikauliza, "Karatasi ya pili inasemaje?"

"Mguu," kaka akasema. "Zote zinasema mguu."

Hakuniangalia aliposema. Nikajua.

Sikusema kitu pale. Ningesema wangeniambia nina uchungu wangu, na wangekuwa sahihi, halafu wangenibadilisha na msindikizaji mwingine. Siku iliyofuata, Jumanne, tukaenda Mbeya watatu: kaka, kijana, na mimi.

Daktari safari hii alikuwa binti, mdogo kuliko viatu vyangu. Akamwita kaka pembeni, kwenye korido. Niliwafuata. Kaka akasema, "Wewe kaa na mgonjwa." Sikukaa.

Nikamwambia, "Daktari, mimi nilitundikiwa dawa hizi. Sikuzaa. Huyu kijana atazaa?"

Alimwangalia kaka kwanza. Halafu akasema, "Si nilikueleza kwenye simu, mzee? Nilisema dawa zinaweza kumharibia uzazi. Sisi hapa hatuna huduma hiyo, ila Dar es Salaam ipo kliniki ya binafsi, wanahifadhi mbegu za kiume kwenye baridi kwa miaka. Anatoa kabla ya dawa. Baada ya dawa hakuna maana. Nilisema mkiamua mnijulishe. Hukunipigia."

"Tuliona tusimchanganye," kaka akasema.

"Nani aliona?" nikauliza.

"Familia."

"Na wewe daktari, mbona hukumwambia mwenyewe? Ana miaka kumi na tisa. Anapiga kura."

Binti wa watu akaona haya. "Mzee, nikiwaambia wagonjwa moja kwa moja, ndugu wanakuja kunifokea ofisini. Wengine wanamtoa mgonjwa wodini kabisa. Na pengine nasema, naelekeza Dar, wananiuliza nauli watatoa wapi. Nimechoka kusema kitu ambacho sina." Akachukua faili lake. "Lakini nilikosea. Njoo."

Kaka akanishika mkono wa shati. "Mdogo wangu, mimi ni mzee wa kanisa. Unataka tukasimulie watu kwamba mtoto wangu kaenda kujitoa mambo hayo kwenye kikopo?"

"Ulimshika mke wangu tumboni kanisani."

"Siyo mimi niliyemshika."

"Ulikuwa benchi la mbele."

Akaniachia shati.

Kijana alikuwa amekaa kitandani, goti limefungwa, anaangalia mpira kwenye simu. Daktari akavuta kiti akamwambia yote. Saratani. Mguu. Dawa. Uzazi. Hakuzunguka, aliongea kama mtu anayesoma orodha ya dukani, na nadhani hiyo ndiyo iliyomsaidia. Kijana alizima simu. Akaiweka juu ya mto. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba mdogo, yaani mguu wenyewe bado nalia nao, nyie mnaniletea watoto? Mchumba mwenyewe sina."

"Najua."

"Yule niliyekuwa naye kaniblock."

Daktari akacheka, akajiziba mdomo. Kijana naye akacheka, halafu uso ukamkunjamana, akaweka mto usoni. Tulikaa. Kaka alisimama dirishani, mgongo kwetu.

Mto ulipotoka, akauliza, "Nikienda Dar nikirudi Jumatatu, mguu utaharibika zaidi?"

"Siku hizi chache hapana," daktari akasema. "Usikanyagie, tumia magongo. Ila Jumatatu uwe hapa."

"Na wewe baba mdogo, ulipoumwa walikuuliza?"

"Hapana."

Akamwangalia baba yake mgongoni. "Twende," akaniambia.

Gharama ipo, na kila mwaka ipo, na wengi haiwezekani kwao. Sisi iliwezekana kwa sababu niliuza mpunga ambao ningeuza bei ikipanda. Sitaki sifa ya hilo.

Ndani ya basi nilimsimulia habari zangu, zote, mpaka mizizi na mzee wa maombi. Sikuwahi kumsimulia mtu. Nilisimulia kama ninavyoandika hapa, sikujisikia chochote, nikawa naangalia migongo ya viti. Hakunikatiza. Mwisho akauliza tu, "Na yule mama anajua?"

Nikasema hapana.

Kliniki ilikuwa na ubaridi na harufu ya sabuni. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mhudumu akasema, "Baba utasaini hapa kama mzazi?" Akanisogezea kalamu. Niliiangalia ile kalamu. Nikaisogeza kwa kijana. "Msomee kwanza," nikasema, "mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Halafu asaini yeye."

Mhudumu alisoma. Palikuwa na mahali panauliza, akifariki mbegu zake zifanyiwe nini. Kijana akasema ziteketezwe, upesi, kama mtu anayeagiza soda. Akasaini kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Akaingia chumbani, akakaa huko sana, akatoka amenuna. "Usiniulize kitu," akasema. Sikumwuliza. Kesho yake walitupa majibu kwamba zimefaa, na kadi ya kuonyesha kwamba zimehifadhiwa.

Tulirudi Jumapili. Basi lilisimama Chimala kushusha mizigo. Kijana alikuwa dirishani, mguu ameunyoosha. Akasema, "Baba mdogo, si ulisema anauza hapa?"

"Basi litatuacha."

"Shuka. Mimi nitamwambia dereva nashuka kujisaidia, na mguu huu. Atasubiri mpaka jioni."

Nikashuka.

Alikuwa chini ya turubai la bluu, debe mbele yake, amenenepa, kitambaa kichwani. Akasema bila kuinua macho, "Karibu mteja, huu wa Madibira haujachanganywa." Kisha akainua.

Sikujua kuanza. Nikasema, "Tatizo lilikuwa mimi. Zile dawa. Kaka alijua tangu kabla ya posa. Mimi nimejua miaka kumi sasa."

Aliendelea kuusawazisha mchele kwa kiganja. "Nilijua siku niliyopata mimba," akasema. "Ningekosaje kujua? Nilikuwa nasubiri mtu wa kwenu aje aseme. Mama yangu naye alisubiri. Amekufa mwaka juzi watu bado wanasema binti yake alikuwa tasa akaponywa na wakwe wapya."

Nikaangalia debe lake.

"Umechelewa," akasema. "Nikupimie kilo ngapi?"

"Mbili."

Akapima. Akaongeza kiganja kimoja juu, kama wanavyowaongezea wateja wote.

Dereva alikuwa anapiga honi, na kijana amesimama mlangoni mwa basi na magongo yake, amelegea makusudi, anaomba radhi kwa abiria mmoja mmoja. Aliponiona akapanda upesi.

Tulipokaa akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema nimechelewa."

Akaikagua ile kadi ya kliniki, mbele na nyuma, akairudisha kwenye mfuko wa shati akaufunga kifungo. "Na mimi je?"

"Wewe kesho asubuhi saa mbili ndiyo unaanza," nikamwambia. "Hujachelewa."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Mimi nikaushikilia mchele mapajani mpaka Mbeya.